Kolo FC, Taliana na Sunderland: jina la timu yako ya fantasy lina ukoo

Shabiki wa Simba aliyezaliwa Kondoa ana tatizo ambalo mwenzake wa Kariakoo hana. Yanga wakishinda, ataitwa kolo kuanzia kijiweni hadi kwenye magroup ya WhatsApp. Sasa kwake Kolo si tusi, ni kijiji. Ukitoka Kondoa mjini kwenda Babati unakipita, na vilima vya jirani ndivyo vyenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maneno mawili tofauti, sauti moja. Mtu wa hivyo akifungua fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza mwezi Agosti na kukutana na kile kisanduku cha jina la timu, tayari ana mtaji mkononi: Kolo FC. Yanga wataona wamempatia, kumbe jamaa ametaja kwao.

Ila wengi hawafanyi hivyo. Wanaingia Google, wanaandika "majina makali ya fantasy", wanakopi la kwanza wanaloliona. Ndiyo maana unakuta ligi ndogo ya watu kumi wa Kondoa na ndani yake kuna "Ctrl Alt De Ligt" mbili. Ni utani mzuri kwa aliyeutunga. Kijiweni itabidi uanze kumweleza mtu habari za keyboard, halafu za beki wa Uholanzi, na ukimaliza hakuna anayecheka.

Hata hivyo wasilaumiwe sana, maana kuazima majina ya watu ni mchezo wa kitambo. Klabu iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1936 iliitwa Queens, jina la Kiingereza kabisa, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland. Kwa nini Sunderland na siyo Arsenal? Angalia miaka yenyewe: Sunderland ya Uingereza ilikuwa bingwa wa ligi msimu wa 1935/36, na 1937 ikabeba Kombe la FA. Kujiita Sunderland zama zile ni sawa na mtoto wa leo kuiita timu yake ya mtaani Man City.

Watani wao nao hawakuwa mbali. Kwenye historia ya Yanga inayosimuliwa Jangwani, kabla ya Young Africans ya 1935 yanatajwa majina kadhaa, na mojawapo ni Taliana, yaani Italiana. Italia ilibeba Kombe la Dunia 1934. Mnaona mchezo ulivyo?

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kumfikirisha mtu mwenye herufi chache za kujaza. Mwaka 1971 Sunderland ikawa Simba, na ghafla jina likaanza kufanya kazi. Simba ananguruma, anawinda, ana manyoya, anaitwa Mnyama. Ana mkia pia, kwa hiyo wapinzani nao wakapata pa kushika: Mikia. Jina la Sunderland lisingezaa hata nusu ya utani huo. Upande wa pili hakuna kikao kilichokaa kufupisha Young Africans. Midomo ya watu wa Kariakoo iliitafuna ikabaki Yanga. Bonde la Jangwani linapojaa maji ya mvua, Simba wakawaita Vyura, na jina likaganda. Kwa kifupi, nusu ya majina yanayopendwa kwenye soka letu yametungwa na adui.

Nusu nyingine imetokana na kazi za watu. Dodoma Jiji ni Walima Zabibu. Mtibwa ni Wakata Miwa. Tanzania Prisons ni Wajelajela, na Azam, kwa sababu ya ice cream, ni Wanalambalamba. Hakuna aliyelipwa kubuni hayo. Ukiyasikia unajua timu inatoka wapi na watu wake wanakula nini.

Kenya jina liliwahi kuwa jambo la serikali kabisa. Gor Mahia, iliyoundwa 1968, imebeba jina la mganga wa kwenye simulizi za Waluo. Abaluhya ilibeba jina la kabila lenyewe, na 1980, vilabu vya majina ya kikabila vilipobanwa, ikageuka AFC Leopards. Mganga akapona, kabila likaondoka.

Sasa turudi Kondoa, maana huko malighafi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mto unaitwa Bubu. Hebu fikiria timu ya fantasy ambayo nahodha wake kila wiki analeta pointi mbili, inaitwa Bubu United. Kuna Haubi na ziwa lake. Kuna Mungomi wa Kolo, pango ambalo watu wameendelea kulitumia kwa matambiko huku watalii wakipiga picha nje. Ndani ya maeneo hayo yenye michoro, zaidi ya 150, wamechorwa watu warefu wembamba, wengine vichwa vikubwa. Mary Leakey alikuja kuwanakili 1951, na hakuna anayeweza kusema hata mmoja wao aliitwa nani.

Halafu kuna HADO. Ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko, makorongo kila upande. Kwa kikosi chenye mabeki watano, HADO FC ni jina kali sana. Lakini mzee aliyeswaga ng'ombe wake kuhama mwaka ule anaweza asicheke, na hapo ndipo unaona jina la kwenu lina uzito ambao la Google halina. Linamgusa mtu.

Au chukua 1916. Songea walikuwa na vita vyao na klabu yao ikaitwa Majimaji. Kondoa pia ilipiganiwa: Aprili mwaka ule majeshi ya Van Deventer kutoka Afrika Kusini yaliingia mjini, na Mei Lettow-Vorbeck akajaribu kuurudisha akashindwa. Majenerali wote wawili wamo vitabuni. Askari na wapagazi Waafrika waliobeba mizigo na kufia njiani, wengi wao hawana hata mstari. Kondoa 1916 ni herufi kumi tu ukihesabu na namba zake, nafasi ya wapagazi bado ipo.

Kwenye fantasy jina unalibadilisha siku yoyote, na watu hulibadilisha hasa wakishafungwa. Kwenye soka la kweli inauma zaidi. Kondoa imekaa katikati ya mfano wenyewe, Singida magharibi, Babati kaskazini. DTB iligeuka Singida Big Stars 2022, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha 2024 neno Singida likang'olewa na Fountain Gate ikaenda kucheza Babati. Mwaka huohuo Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali aliamka hana timu, na jina la timu aliyoizoea halipo kwenye ligi. Jezi ipo kabatini.

Na kuna moja ambalo mashabiki wa Simba wanaliachia bure. Sunderland, ileile ya Uingereza, ilipanda tena Ligi Kuu 2025, kwa hiyo wachezaji wake wamerudi kwenye orodha ya fantasy, Granit Xhaka akiwemo. Mnyama wa Kondoa anaweza kumweka kiungoni na kuandika juu Dar Sunderland. Yanga akiuliza hiyo timu ni ya nani, aambiwe akamuulize babu yake.