Siku Moja Kisiwani: Taarikhi ya Njia ya Anga ya Mafia

Kabla ya eropleni kuonekana katika anga ya pwani yetu, hapakuwa na mtu wa mrima aliyeweza kumwahidi mwenzi wake kwa dhamiri safi kwamba wataondoka alfajiri kwenda Mafia, watembee, wale, waoge baharini, na kabla ya adhana ya magharibi wawe wamekwisha rejea nyumbani. Si kwamba kisiwa kile ki mbali mno, maana mlango wa bahari unaokitenga na midomo ya mto Rufiji una upana wa kilomita 20 hivi tu. Lakini amri ya safari haikuwa mikononi mwa msafiri wala mwa nahodha, bali ilikuwa ya pepo na maji. Jahazi lililong'oa nanga Dar es Salaam wakati wa kaskazi lilisukumwa upesi kuelekea kusini, kisha likakabiliana na upepo ule ule njia nzima ya kurudi. Na lililotoka wakati wa kusi lilibisha kutwa kucha, huku na huku, ili lifike mahali ambapo lingerejea kutoka huko kwa wepesi. Upepo wa kwendea ndio uliokuwa kizuizi cha kurudia. Fauka ya hayo, chombo kilichowahi kufika kiliweza kukuta maji yamekupwa, kikalala ubavu juu ya mchanga saa nyingi, abiria wakitazama minazi ya kisiwa ilhali hawawezi kuifikia ila kwa kukanyaga matope hadi magotini.

Kwa hiyo siku moja ya kwenda na kurudi, ambayo leo mume na mkewe huipanga kama watu wapangavyo kwenda sokoni, ni jambo jipya kabisa katika maisha ya pwani, na eropleni ndogo ndiyo iliyolileta. Wako wanaoihesabu safari ya namna hiyo kuwa anasa tupu ya wenye fedha, isiyostahili kuandikiwa taarikhi. Mimi naona kinyume chake, kwani njia ile ya anga ina asili yake, na asili hiyo haikuwa ya mahaba hata kidogo, bali ya vita.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia mbele ya bandari ya Unguja wakati wa mapambazuko na kuipiga mizinga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ikazama, na mabaharia wake waliokufa wakazikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, ambako makaburi yao yapo hata sasa. Königsberg ikakimbia, ikajificha ndani ya mikono ya mto Rufiji, katika msitu wa mikoko uliofungamana kiasi kwamba mtu aliyekuwa baharini hakuweza kuona hata ncha ya mlingoti. Manowari kubwa za Waingereza zilikuja zikakaa nje zikilinda, lakini hazikuweza kuingia, maana maji ya mle ni haba. Nazo hazikuweza kupiga, maana hazikujua zipige wapi. Hapo ndipo walipotafuta jicho la kutazama kutoka juu. Mjini Durban palipatikana rubani raia, jina lake Dennis Cutler, na mashua yake ya kuruka ya Curtiss, naye akaletwa kwa meli pamoja na chombo chake hadi Nyororo, kisiwa kidogo kilicho karibu na Mafia. Ilikuwa Novemba 1914. Cutler aliruka kutoka hapo, akavuka mlango wa bahari, akaiona manowari chini ya matawi. Mwezi uliofuata alianguka mikononi mwa Wajerumani, akawa mateka.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na kutoka wakati huo kisiwa kile cha wavuvi na wakulima wa minazi kikawa kituo cha ndege. Ningependa msomaji akae kidogo juu ya shida walizozikuta marubani wale, kwa sababu kila anayepanda ndege ndogo kwenda kisiwani leo anafuata kanuni zilizogunduliwa katika shida hizo. Zililetwa kwanza eropleni za Sopwith zenye kuelea majini, vyombo vya mbao na kitambaa vilivyoundwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Joto na unyevu wa pwani viliziharibu upesi: gundi iliyoshika mbao iliyeyuka, maungo yakaachana, maboya yakaingia maji. Hata zilipokuwa nzima, mashine zake hazikuwa na nguvu ya kuinua watu wawili katika hewa ya mchana. Sababu yake ni kwamba hewa ikipata moto hutawanyika na kuwa nyepesi, na bawa linalopita katika hewa nyepesi halipati kitu cha kutosha cha kuegemea. Basi mzigo ule ule unaoinuka bila tabu alfajiri huwa hauinuki adhuhuri. Baadaye zikaletwa ndege za nchi kavu, za Henri Farman na Caudron, na kwa ajili yake ukafyekwa uwanja katika ardhi ya Mafia, miti ikang'olewa na ardhi ikasawazishwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kisiwa kutengewa mahali pa ndege kutua.

Mwezi Juni zikafika manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili, nazo zikaweza kupenya mtoni. Shambulio la kwanza, la tarehe 6 Julai, halikufaulu. Katika la pili, tarehe 11 Julai 1915, rubani Cull na mtazamaji wake Arnold walizunguka juu ya Rufiji wakiziarifu manowari kwa simu ya upepo kila kombora lilipoangukia, kulia au kushoto, mbele au nyuma. Mzinga wa Königsberg ukaipata mashine yao. Ndege ikaanza kushuka bila nguvu, na katika kushuka huko Arnold hakuacha kugonga simu yake akizisahihishia manowari shabaha, hata makombora yakaanza kuangukia ndani ya Königsberg yenyewe. Ndipo wakaanguka mtoni karibu na Mersey, eropleni ikapinduka, nao wakaokolewa kwa mashua wakiwa hai. Mchana ule Wajerumani waliilipua manowari yao. Mizinga yake waliitoa majini wakaenda kupigana nayo nchi kavu, na mmojawapo umewekwa katika husuni ya Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Baada ya vita mambo yalikwenda polepole, nami sitayarefusha. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha mjini Nairobi kampuni ya ndege iliyojulikana kwa jina lake, na ndege zake zikawa zinashuka pwani kufika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1937 ndege kubwa za kuelea za Imperial Airways zikaanza kutua majini Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika njia ya kwenda Durban. Na tarehe 1 Januari 1946 likaanza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, likiwa na eropleni sita za Dragon Rapide, vyombo vya mbao na kitambaa vyenye mabawa mawili mawili na nafasi ya watu wanane hivi. Zilichukua barua, maafisa na wafanya biashara. Wapendanao hawakuwa miongoni mwa abiria waliofikiriwa.

Wala desturi yetu wenyewe haikuwafikiria kwa namna hiyo. Watu wa pwani walikuwa na fungate, siku saba za bwana arusi na bibi arusi kukaa ndani, wakihudumiwa na somo, wakiletewa vyakula vya kuwatia nguvu, wasitoke wala wasisumbuliwe. Faragha yao ilikuwa ukuta na mlango. Desturi hiyo ilikuwa na hekima kubwa, na nasikitika ninapoona inafupishwa au kutupwa. Lakini naona pia kwamba vijana wanaofunga safari kwenda kisiwani hawaendi kutafuta kitu kigeni: wanakwenda kutafuta faragha ile ile, na kwa kuwa nyumba za mjini siku hizi ni finyu na zimejaa watu, bahari ndiyo waliyoifanya ukuta.

Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikaunda shirika lake. Njia za viwanja vidogo zilipata taabu miaka ile, hata zilipoanza kampuni za watu binafsi katika miaka ya 1990, zikitumia zaidi ndege ya Cessna Caravan, yenye mashine moja na nafasi za abiria kama 12. Ndege hii bawa lake liko juu ya madirisha, si chini yake, basi hakuna kinachomzuia abiria kuona. Mwaka 1995 bahari ya kusini na mashariki ya Mafia ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, na wageni wakaongezeka. Kisha uwanja wa ndege wa Kilindoni kisiwani humo, uliokuwa wa changarawe, ukatiwa lami kwa msaada wa fedha za Marekani.

Sasa tuwatazame wawili waliokwisha nuia. Ndege yao huondoka Dar es Salaam katika jengo la zamani la uwanja, liitwalo Terminal One, na huko mizigo hupimwa kwa makini, nao huambiwa wachukue mikoba laini, kwa kawaida isiyozidi kilo 15, kwa sababu mizani ile ile iliyowatesa marubani wa Sopwith bado inatawala. Wachague ndege ya asubuhi. Hewa ikiwa baridi ndege hutulia, na ikifika adhuhuri joto la ardhi husukuma hewa juu, ndege ikatikisika hata asiye na hofu akashika mkono wa mwenziwe. Safari ni ya nusu saa na kidogo. Atakayeketi upande wa kulia ataiona pwani ya mrima njia nzima, na karibu na mwisho ataiona Rufiji: mikono yake ya maji ya kahawia ikipindapinda ndani ya mikoko ya kijani kilichoiva, kisha tope lake likitoka baharini kama kitambaa kilichotandazwa, likifika mahali likakoma ghafla na maji ya buluu yakaanza. Mle ndani ya tope yamezama mabaki ya Königsberg.

Wakishatua Kilindoni, jambo la pili la kuamua ni maji, na hili lilipaswa kuamuliwa kabla ya kununua tikiti. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hukupwa mbali sana, na mashua ya kuvuka kutoka kijiji cha Utende kwenda kisiwa kidogo cha Chole hulazimika kungoja au kuzunguka. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na siku huwa na nafasi zaidi. Aliye na siku moja tu na atazame kalenda ya mwezi kwanza, kisha ya kazi yake. Kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe huja karibu na Kilindoni kula vijidudu vya majini, samaki wakubwa kupita wote duniani, wapole, wengi wao wa hapo wakiwa bado wachanga. Kuwatazama ni kazi ya asubuhi. Chole nayo ni kazi ya nusu siku. Hapo ndipo palipokuwa makao ya utawala baada ya mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, kuvunjwa na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Na Wajerumani nao walikaa Chole mpaka walipohamia Kilindoni mwaka 1913, kwa kufuata kina cha maji. Boma lao sasa limeshikwa na mizizi ya mikuyu, kuta zikiwa zimesimama kwa hisani ya miti iliyozibomoa. Juu ya miembe hulala popo wakubwa wenye sura ya mbweha, mamia kwa mamia, na pwani mafundi wangali wanaunda majahazi kwa tezo na nyundo.

Potwe na Chole kwa siku moja ni vigumu, na ushauri wangu ni kuchagua kimoja, kwa maana wanaovifuata vyote huishia kuitazama saa badala ya kutazamana. Ndege ya kurudi haiwangojei, nayo huwahi kabla ya jua kuchwa. Tena wasikubali kushawishika kuzamia kwa mitungi ya hewa: aliyezama na kupumua hewa iliyoshindiliwa hubaki na naitrojeni katika damu yake, na akipanda angani mapema hewa hiyo hutoka kwa mapovu na kumdhuru vibaya, hata kumlemaza. Wajuzi wa mambo hayo huamrisha kungoja saa 12 kwa uchache baada ya mzamo mmoja, na 18 baada ya mizamo mingi. Kuogelea juu juu kwa miwani na mrija hakuna hatari hiyo. Mwenye kutaka kuiona bahari ya Mafia kutoka chini hana budi alale kisiwani, au arudi kwa kivuko cha MV Kilindoni hadi Nyamisati, kisha ashike njia ya gari kurudi Dar es Salaam, safari ambayo itamla siku ya pili.