Kigango na Rekodi Yake: Data Unganishi za Makumbusho kwa Mtazamo wa Pwani ya Kenya

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy, aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili. Mzee huyo alikuwa amevisimamisha kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu baada ya picha hiyo kupigwa, vigango vyote viwili viliibwa. Ilipita miaka kumi na minne. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, Udvardy alitazama slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles, zilizoonesha vigango vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja jimboni Illinois. Katika slaidi mojawapo akakitambua kigango cha mzee yule. Cha pili kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Cha kwanza kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, na cha pili mwaka 2007.

Tukio hilo husimuliwa zaidi katika mijadala ya urejeshaji wa mali za kitamaduni. Hapa linachunguzwa kwa jicho lingine, kama tukio la kuunganishwa kwa data. Kulikuwa na rekodi mbili zilizohusu kitu kimoja: picha iliyobeba jina la boma, ukoo na mwaka, na kadi ya makumbusho iliyobeba namba ya usajili, vipimo na jina la aliyetoa zawadi. Rekodi hizo hazikuwa na neno hata moja la kuzikutanisha. Kilichozikutanisha ni kumbukumbu ya macho ya mtu mmoja aliyeketi katika ukumbi mmoja siku moja. Tangu wakati huo makumbusho mengi yamewekeza katika teknolojia ya data unganishi, ambayo lengo lake ni kuifanya kazi hiyo isitegemee bahati. Swali linalozuka ni iwapo programu hizo, kwa jinsi zilivyosanifiwa, zingeweza kukitambua kigango kile. Hoja inayojengwa katika insha hii ni kwamba nyingi zisingeweza, na kwamba sababu yake iko katika mahali ambapo rekodi ya makumbusho huanzia kusimulia. Ufundi wa kompyuta una sehemu ndogo tu katika kushindwa huko.

Ni vyema kwanza kueleza kigango ni nini, kwa kuwa ugumu wa kukiandikia rekodi unatokana na asili yake. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, yenye mabega na kichwa kilichofanyizwa kwa ufupi, na kiwiliwili kilichopambwa kwa nakshi za pembetatu na misumeno. Husimamishwa kwa heshima ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na uwezo miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamii nyingine za Wamijikenda. Marehemu asiyekuwa wa chama hicho huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo hayo. Kigango husimamishwa bomani, na hakilazimiki kuwa juu ya kaburi. Boma linapohama, kigango hubaki palepale kiliposimikwa, na kibao kidogo huchongwa ili kichukuliwe kwenda makazi mapya. Desturi hii ndiyo iliyogeuzwa kuwa kisingizio. Tangu miaka ya 1970, vigango vilipoanza kupata soko Marekani, ilidaiwa kuwa nguzo zilizoonekana zimesimama peke yake katika mahame zilikuwa zimetelekezwa, hivyo aliyezichukua hakumnyang'anya mtu. Udvardy na Giles walipofuatilia, walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Wakati uleule ambapo slaidi zile zilikuwa zikioneshwa, msingi wa kiufundi wa data unganishi ulikuwa ukiwekwa. Muundo wa RDF, unaovunja kila taarifa kuwa sentensi fupi ya kiima, uhusiano na shamirisho, uliidhinishwa kwa mara ya kwanza na taasisi inayosimamia viwango vya wavuti mwaka huohuo wa 1999. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee alitoa kanuni za data unganishi, ambazo kiini chake ni kwamba kila kitu kinachotajwa kipewe anwani ya kudumu kwenye wavuti, na anwani hiyo iongoze kwenye anwani nyingine. Makumbusho hayakusubiri kanuni hizo. Nchini Ufini, kundi la watafiti lililoongozwa na Eero Hyvönen lilizindua MuseoSuomi mwaka 2004, mfumo uliounganisha makusanyo ya Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo na ya makumbusho ya miji ya Espoo na Lahti.

Funzo la mfumo huo wa Ufini lilihusu majina. Makumbusho matatu ya nchi moja na lugha moja yaliandika vitu vilevile kwa istilahi tofauti, na kazi kubwa ilikuwa kujenga ontolojia za pamoja, yaani mitandao ya dhana iliyokubaliwa, ili neno la huku na neno la kule vielekee kwenye dhana moja. Tatizo hilo linapohamishiwa kwenye vigango huwa kubwa maradufu. Jamii iliyovichonga imeandikwa katika rekodi mbalimbali kama Giriama, Giryama, au hata Nyika, jina la dharau walilobandikwa Wamijikenda na wageni. Kitu chenyewe kimeandikwa nguzo ya ukumbusho, nguzo ya kaburi, sanamu, au umbo la mhenga. Ontolojia inayoyakusanya majina haya chini ya kitambulishi kimoja inamwezesha mtafiti aliyeko Mombasa au Dar es Salaam kutafuta kwa neno “kigango” na kuletewa vyote. Hiyo ni faida isiyopaswa kubezwa. Hata hivyo, kuvipata vigango vyote si kukipata kigango fulani. Udvardy hakuwa akitafuta aina ya kitu. Alikitambua kimoja kati ya vingi vinavyofanana naye mgeni angeviona kuwa ni vilevile.

Hatua iliyo muhimu zaidi kwa mwanahistoria ilitoka kwingine. Kamati ya kimataifa ya uwekaji kumbukumbu za makumbusho, CIDOC, ilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kuandaa modeli ya dhana inayojulikana kama CIDOC CRM, ambayo mwaka 2006 ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 21127. Upya wake umo katika kuliweka tukio katikati. Katika katalogi ya kawaida, kitu kina sifa: mtengenezaji, tarehe, mahali, mmiliki. Katika modeli hii kitu hakina tarehe yake chenyewe. Kuna tukio la kukichonga, nalo lina wakati, mahali na washiriki. Kuna matukio ya kukihamisha, kukinunua na kukirithi. Historia ya umiliki inakuwa mlolongo wa matukio, na kila kiungo kinaweza kuulizwa: nani, wapi, lini, kwa idhini ya nani.

Zaidi ya hayo, modeli hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo kadi za makumbusho huyachanganya chini ya neno “kupatikana”. Kuna upataji wa haki ya umiliki, ulio tendo la kisheria, na kuna uhamisho wa dhamana ya kitu, yaani kutoka mikononi mwa huyu kwenda mikononi mwa yule, ambamo wizi nao huhesabiwa. Kwa kigango cha mwaka 1985 tofauti hii ina uzito wa pekee. Kilitoka bomani usiku kwa uhamisho wa dhamana usio na upataji wowote. Kilipouzwa na kisha kutolewa zawadi, kila mkono mpya uliandika upataji, ilhali mlolongo ulikuwa umekatika mwanzoni. Rekodi iliyosanifiwa kwa uaminifu ingeweza kuonesha mahali hasa ulipokatikia.

Lakini modeli huruhusu tu. Hailazimishi. Taasisi inapogeuza kadi zake kuwa RDF, huchukua kilichomo kwenye kadi, na kadi huanza na mtoa zawadi. Matokeo yake ni data zenye muundo wa matukio ambazo tukio lake la kwanza linalojulikana limetokea California au New York. Kilichotangulia hakionekani. Katika mantiki ya RDF taarifa isiyoandikwa haihesabiwi kuwa imekanushwa, lakini mtumiaji anayetazama ramani nadhifu kwenye kioo cha kompyuta hana namna ya kuuona ukimya huo. Hapa ndipo usanifu wa programu unapogeuka kuwa suala la kihistoria. Programu inayochora tu matukio yenye tarehe na mahali itaonesha maisha ya kigango yakianzia dukani. Programu iliyosanifiwa vinginevyo ingelazimisha kila kitu kilichochongwa na mtu kiwe na tukio la kuondoka kwa waliokisimamisha, hata kama sehemu zake zote ziko tupu, na ingeuonesha utupu huo.

Suala la madai linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Kauli kwamba kigango fulani “kilikuwa kimetelekezwa” si sifa ya kigango hicho. Ni dai lililotolewa na mtu mwenye maslahi, nalo linapingwa na wazee wanaoshikilia kwamba kigango hakikomi kuwa cha marehemu na ukoo wake. CIDOC CRM ina darasa la kutaja ni nani aliyekipa kitu sifa fulani na lini, hivyo madai mawili yanayokinzana yanaweza kukaa bega kwa bega bila mfumo kulazimika kuchagua. Ni jambo la kushangaza kwamba uwezo huu hutumika kwa nadra katika makusanyo ya Kiafrika, wakati hutumika bila tabu pale wanahistoria wa sanaa wanapobishana kuhusu mchoraji wa turubai ya Ulaya.

Juhudi mbili za karibuni zinaonesha kiasi cha hatua iliyopigwa. Mradi wa International Inventories Programme, ulioyashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Goethe-Institut, makundi ya wasanii na makumbusho mawili ya Ujerumani, ulikusanya katika hifadhidata moja taarifa za zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo, na mwaka 2021 ukafanya maonesho Nairobi, Cologne na Frankfurt. Digital Benin, iliyofunguliwa mwaka 2022, iliunganisha zaidi ya vitu 5,000 vya ufalme wa Benin kutoka taasisi 131 katika nchi 20, ikavipa majina ya Kiedo na kuwaunganisha wafanyabiashara na wanajeshi wanaojitokeza katika rekodi za taasisi tofauti.

Ulinganisho wa miradi hii na suala la vigango huzaa tofauti isiyotiliwa maanani vya kutosha. Vitu vya Benin vina tukio kuu moja linalojulikana mwezi na mwaka, yaani uvamizi wa Waingereza wa Februari 1897. Tukio hilo ni kama kigingi ambacho maelfu ya rekodi hufungwa kwalo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa enzi za ukoloni na kuwekwa British Museum, nayo ni kitu kimoja chenye jina lake na jamii inayokidai. Vigango havina 1897 yao. Vina mamia ya usiku, mamia ya maboma, na wezi ambao mara nyingine walikuwa vijana wa palepale waliosukumwa na umaskini. Hakuna kumbukumbu ya dola iliyoandika matukio hayo. Kumbukumbu hizo zimo vinywani mwa familia na katika picha za watafiti. Kwa hiyo kuunganisha hifadhidata za makumbusho peke yake, hata yakiwa mia moja, ni kuunganisha upande mmoja wa daraja.

Upande wa pili una miiko yake. Kanuni za FAIR za mwaka 2016 zinataka data zipatikane na zitumike upya kwa urahisi, na waundaji wengi wa data unganishi huuchukulia uwazi kuwa wema usio na mipaka. Ramani iliyo wazi ya vigango ambavyo bado vimesimama ingekuwa zawadi kwa mwizi. Kanuni za CARE, zilizotolewa mwaka 2019 na watetezi wa haki za data za jamii asilia, zinaweka mbele mamlaka ya jamii husika, na lebo za maarifa ya jadi zilizobuniwa na Local Contexts hutoa njia ya kuandika mipaka hiyo ndani ya data zenyewe. Kwa vigango, usanifu wenye busara ungetaja wilaya bila kutaja boma, ungehifadhi jina la marehemu pale ukoo ulipokubali tu, na ungeacha picha za zamani zilinganishwe na makusanyo bila kuzionesha hadharani. Huko ni kwenda kinyume na maana ya kawaida ya data huria, na hapana budi jambo hilo likubaliwe waziwazi badala ya kufichwa.

Makumbusho ya Denver ya elimu ya viumbe na sayansi yaliamua mwaka 2014 kurejesha vigango 30, navyo vilifika Kenya mwaka 2019. Vilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tofauti na vile viwili vya mwaka 1985, havikupelekwa bomani kwa mtu yeyote, kwa kuwa rekodi zilizosafiri navyo hazikutaja boma. Sehemu ya mwanzo ya kila rekodi bado inasubiri kuandikwa, na wazee wanaoweza kuiandika wanapungua.