Ukataji wa makombe ya bahari

Ukataji wa makombe ya bahari ni kazi ya kugawanya, kutoboa au kuchonga magamba magumu ya moluska, hasa konokono wa baharini, chaza na kome, ili kupata vito, vifungo, shanga, mapambo ya samani au vielelezo vya masomo. Hapa "kombe" ni gamba la mnyama huyo, si lile la mashindano.

Anayeanza kazi hii hudhani kombe ni gumu mno, akatafuta kifaa chenye nguvu. Ukweli ni kwamba kombe ni laini kuliko chuma cha kisu. Lisichostahimili ni kupindwa, kugongwa na kutikiswa. Kwa hiyo kifaa kizuri ni kile kinachokula kombe kidogo kidogo, huku kombe lenyewe likiwa limeegemezwa na kuloweshwa.

Tabia ya kombe

Sehemu kubwa ya kombe ni kalisi kabonati, katika umbo la kalsiti au aragoniti. Katika skeli ya Mohs, kalsiti ina ugumu wa 3 na aragoniti 3.5 hadi 4. Chembe hizo zimeunganishwa na protini kidogo. Katika lulumizi, yaani tabaka la ndani linalong'aa la chaza, protini na viungo vingine vya kikaboni ni karibu asilimia 5 tu ya uzito, lakini ndivyo vinavyozuia ufa usipenye moja kwa moja kutoka tabaka moja hadi jingine.

Kombe lililokaa ufukoni kwa muda mrefu limepoteza sehemu ya protini hiyo kwa jua, hivyo hukatika ovyo hata kwa kifaa bora. Makombe mengine yametobolewa ndani na sifongo wa baharini, na nje huonekana vitundu vidogo tu. Njia rahisi ya kupima ni kuligonga kwa ukucha, kama mnunuzi anavyopima chungu sokoni: lililo zima hutoa mlio mkali, lenye ufa hutoa mlio mzito.

Msumeno wa sonara

Kwa kombe jembamba na kwa maumbo yenye kona nyingi, msumeno wa sonara bado haujapata mshindani. Ni fremu ya chuma yenye umbo la U inayokaza uzi mwembamba wenye meno. Nyuzi hizo huuzwa kwa namba, na zile zenye sifuri nyingi ndizo nyembamba zaidi: 2/0 ina meno takriban 22 kwa kila sentimita, na 4/0 takriban 26. Kanuni ya mafundi ni kwamba angalau meno mawili yawe ndani ya unene wa kombe wakati wote. Yakiwa machache zaidi, jino hunasa ukingoni na kubandua kipande. Kwa kombe la unene wa milimita 1, uzi wa 4/0 unafaa. Wa 2/0 unatosha kwa shida.

Uzi hupachikwa meno yakielekea mpini, hivyo hukata unapovutwa chini. Kombe hulazwa juu ya ubao wenye pengo la umbo la V, na mkato hufanyika ndani ya pengo hilo, karibu na pembe yake, ili pande zote mbili ziwe na egemeo. Nta ya nyuki hupakwa kwenye uzi ili uteleze. Nyuzi hukatika mara kwa mara, lakini bei yake ni ndogo kuliko ya kombe zuri lililovunjika.

Visahani vya almasi

Kombe nene, kama la konokono mkubwa, huchosha mkono. Hapo hutumika mota ndogo ya kushikwa mkononi yenye kisahani cha chuma kilichopakwa chembe za almasi. Kisahani hiki hakina meno, husaga. Kinachofaa ni kile chenye ukingo usiokatizwa, kwa sababu mapengo ya visahani vya kukatia zege hugonga kombe kila yanapopita. Visahani vya silikoni kabidi ni rahisi kwa bei, lakini huvunjika vikipindwa hata kidogo, na vipande vyake huruka kuelekea machoni. Miwani ya kinga ni lazima.

Maji hupoza mkato na kuzuia vumbi. Harufu kama ya kucha zilizoungua ni dalili kwamba protini inaungua na maji hayatoshi. Hata hivyo, mota ya umeme wa nyumbani isishikwe kwa mikono iliyolowa. Ni salama zaidi kutumia mota ya betri, au mashine ya kukatia vigae yenye beseni lake la maji. Mashine hiyo hufaa kupasua kombe kubwa katikati, ila kisahani chake ni kinene na hula sehemu ya kombe.

Kutoboa hufuata kanuni hizohizo: ncha ya almasi kwenye kekee, kombe likiwa juu ya kipande cha mbao ndani ya maji ya kina kifupi, bila kusukuma. Kingo humaliziwa kwa tupa laini, kisha msasa wa maji kuanzia namba 220 hadi 600 au zaidi. Siki haifai kulainisha kingo, kwa kuwa huyeyusha kombe na kuondoa mng'ao.

Vumbi

Vumbi la kombe huwasha macho na koo na huweza kuleta pumu. Katika karne ya 19 madaktari wa Vienna waliandika juu ya uvimbe wa mifupa kwa vijana waliochonga vifungo vya lulumizi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inahitajika ile ya kuchuja vumbi laini, hata pale maji yanapotumika.

Historia

Mafundi wa ustaarabu wa Bonde la Indus walikata bangili za kombe kwa misumeno ya shaba nyeusi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Huko Bengal kazi hiyo iliendelea kwa msumeno mzito wa umbo la mwezi mchanga, fundi akiwa ameketi chini na kubana kombe kwa miguu. Mtaa wa Shankhari Bazar mjini Dhaka umepata jina kutokana nao. Huko Muscatine, Marekani, kiwanda cha vifungo kilichoanza 1891 kilitumia msumeno wa bomba kukata kome wa mtoni, waliolowekwa kwanza kwa siku kadhaa ili wasipasuke.

Katika pwani ya Waswahili, wanaakiolojia wamepata Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, na Tumbe, Pemba, vigae vya vyungu vyenye mifereji. Vilitumika kusugulia shanga: kombe lilivunjwa vipande, likatobolewa, kisha likasuguliwa mferejini hadi likawa duara. Mkato wa kwanza haukuhitaji kuwa safi.

Wachongaji wa Torre del Greco, Italia, hutumia makombe ya Cypraecassis rufa, ambayo hupatikana pia Afrika Mashariki. Cassis madagascariensis, licha ya jina lake, hutoka Karibi. Huko Unguja, wanawake wa Fumba na Bweleo hutengeneza vito kwa makombe ya chaza.

Makombe yenye udhibiti

Baadhi ya makombe hayavushwi mipaka bila kibali cha mkataba wa CITES, hata yakiwa yamekatwa na kung'arishwa. Miongoni mwake ni makombe makubwa ya jenasi Tridacna, konokono Strombus gigas wa Karibi, na nautilasi, walioingizwa tangu 2017.