Ukimya Uliotangulia Kipimo

Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Donald Oken, alichapisha majibu ya madaktari 219 wa hospitali ya Michael Reese mjini Chicago. Aliwauliza kama huwa wanamwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Tisa katika kila kumi walisema kwa kawaida hawamwambii. Ndugu waliambiwa, mwenye mwili alizungushwa kwa maneno kama uvimbe. Nimeuguza wagonjwa wa saratani Tanzania mpaka nikastaafu, na niliposoma habari hizo kilichonishangaza ni kwamba Wamarekani nao walikuwa kama sisi.

Ndiyo maana historia ya kupima hofu na sonona kwa wenye saratani ni changa. Vipimo vilikuwapo. Max Hamilton wa Leeds, Uingereza, alitoa chake mwaka 1960, na Aaron Beck wa Philadelphia akatoa dodoso lake la vipengele 21 mwaka 1961. Lakini vilikuwa vya kliniki za magonjwa ya akili. Nani angemuuliza mtu kuhusu huzuni yake ilhali amefichwa chanzo cha huzuni hiyo? Utafiti wa Oken uliporudiwa mwaka 1979, madaktari asilimia 97 walisema wanapendelea kumwambia mgonjwa ukweli. Ndani ya miaka 18 Marekani ilikuwa imegeuka.

Katika kugeuka huko alikuwapo Jimmie Holland, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mumewe, James Holland, alikuwa bingwa wa dawa za saratani. Mama huyu aliona kwamba watafiti wa dawa wanaandika kila kitu cha mgonjwa isipokuwa anavyojisikia. Mwaka 1977 alianza kuongoza huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, na wengi humhesabu kuwa mwasisi wa fani ya afya ya akili ya wenye saratani. Mwaka 1983 mtafiti Derogatis na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 215: asilimia 47 walikuwa na tatizo la afya ya akili, wengi wao wakiwa wameelemewa na ugonjwa wenyewe, wachache wakiwa na sonona kali. Waliodhani kila mwenye saratani amekata tamaa walikosea, na waliodhani machozi yake hayahitaji daktari walikosea pia.

Mwaka huohuo wa 1983, huko Leeds tena, madaktari Zigmond na Snaith walitatua jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Vipimo vya zamani vilihesabu kupungua uzito, kukosa usingizi na uchovu kuwa dalili za sonona. Sasa mchukue mtu aliyetoka kwenye dripu ya dawa za saratani: hali, halali, amechoka, amekonda. Atapata alama nyingi hata kama moyo wake umetulia. Wawili hao wakaziondoa dalili hizo za mwili. Wakabakiza maswali 14, saba ya hofu na saba ya sonona, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Anayefika 11 upande wowote huhesabiwa kuwa na tatizo. Wa 8 hadi 10 hutiliwa shaka. Maswali ya sonona yaliegemea zaidi furaha: mtu bado anacheka, bado anafurahia alichokipenda?

Wodini niliona maana yake. Mama mmoja wa Lushoto alikuwa ngozi na mifupa, chakula hakipiti, lakini taarabu ikilia redioni mabega yalicheza. Kitanda cha pili, kijana alimaliza ugali wake wote kisha akageukia ukuta kutwa nzima. Tulimhurumia mama. Mgonjwa wetu wa sonona alikuwa kijana.

Baadaye vipimo vikafupishwa. Mwaka 1998 watu wa New York, Holland akiwa miongoni mwao, walichapisha mchoro wa kipimajoto cha dhiki wenye namba 0 hadi 10, baada ya kuujaribu kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Kwetu Afrika Mashariki, dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9 lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nchini Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Ni kazi ya kuheshimika, ingawa dodoso hilo limerudisha uchovu, usingizi na hamu ya kula, yaleyale yaliyoondolewa Leeds.

Kipo kifupi zaidi: mtafiti Chochinov wa Winnipeg, Kanada, aliwauliza wagonjwa mahututi 197, mwaka 1997, swali moja tu la moja kwa moja: una huzuni nzito? Jibu lililingana na uchunguzi kamili kwa kila mmoja wao. Ningekuwa bado kazini, ningeanza na hilo.

Lakini swali hilo linahitaji mgonjwa anayejua anaumwa nini. Mara ngapi nimevutwa koridoni: “Sista, mama hajui. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo.” Kisha tukirudi kitandani, mwanawe anamjibia kila swali, nami naandika alama za mwanawe. Ndugu zangu mnaouguza, mwambieni mgonjwa wenu ukweli, au mturuhusu sisi tumwambie, kisha mtoke nje kidogo ajibu mwenyewe.