Ng'ombe na Jirani Mwema: Historia ya Tarime na Serengeti

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba tunapoomba mkate wa kila siku tunaomba mambo mengi kuliko chakula. Katika orodha yake mna mifugo, fedha, serikali njema, amani na majirani waaminifu. Kwetu katika wilaya za Tarime na Serengeti orodha hiyo inagusa kidonda, kwa maana hapa mifugo na ujirani mwema vimegombana mara nyingi, na watu wamekufa kwa ajili ya ng'ombe.

Liko neno linalosemwa kwa wepesi, hata na sisi Wakristo: wizi wa ng'ombe ni asili ya Mkurya. Anayesema hivyo amekwisha kukata tamaa, kwa sababu hakuna anayetubu asili yake. Basi tuiulize historia.

Zamani vijana wa Kikurya waliteka ng'ombe wa makabila na koo nyingine. Kusini mwa Mto Mara nako, Waikoma, Wanata na Wangoreme walishambuliwa na Wamasai katika karne ya 19. Damu ilimwagika, wala hatuna sababu ya kuyasifu hayo. Lakini uvamizi ulikuwa na mipaka yake. Mtu hakumwibia wa ukoo wake, na ng'ombe aliyetekwa alibaki zizini au alitolewa mahari.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mstari wa mpaka kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, nao ukapita katikati ya Wakurya. Ndugu wakawa raia wa nchi mbili, na ng'ombe aliyevushwa usiku akawa mbali na mkono wa sheria. Miaka michache baadaye sotoka ikaua mifugo mingi katika Afrika Mashariki. Ikaja kodi ya wakoloni iliyowalazimu watu kutafuta fedha, na pamoja na fedha likaja soko la nyama. Tangu hapo ng'ombe wa wizi alikuwa na mnunuzi.

Silaha nazo zilibadilika. Wakurya wengi waliingia jeshi la King's African Rifles, na baada ya uhuru wengi wakalitumikia Jeshi la Wananchi kwa heshima. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bunduki zilienea mikononi mwa wezi, na mshale haukutosha tena kulinda boma.

Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeishi kati ya Wakurya katika miaka ya 1990, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba wizi umekuwa biashara. Ng'ombe wanauzwa kwa fedha, wengi ng'ambo ya mpaka, na mwizi hawaachi hata watu wa ukoo wake. Hiyo si mila ya mababu. Ni tamaa iliyovaa nguo ya mila.

Wananchi hawakukaa kimya. Wakurya walikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo wazee na watu wote husikiliza shauri na kuamua. Vikundi vya sungusungu vilipoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilipofika kwetu viliungana na desturi hiyo. Mifugo mingi iliokolewa. Lakini pale viongozi walipopokea rushwa, au watuhumiwa walipopigwa bila ushahidi, mlinzi naye akawa wa kuogopwa. Nguvu bila haki haikuleta amani.

Historia hii inatupa tumaini. Kilichobadilika kwa sababu ya mpaka, fedha na bunduki kinaweza kubadilika tena. Dhambi yenye mwanzo inaweza kuwa na mwisho.

Tena inatunyima pa kujificha. Luther anapofafanua amri ya saba haishii kwa mwizi wa usiku. Anataja pia mali ipatikanayo kwa biashara ya udanganyifu, kisha anatutaka tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Hapo wengi wetu tunaguswa. Yuko anayenunua ng'ombe kwa bei ya chini na haulizi kibali. Yuko mzazi anayetaja ng'ombe wengi wa mahari huku akijua kijana hana hata mmoja. Tuko sisi wachungaji na wazee wa kanisa tunaopokea mnyama kwenye mnada wa mavuno bila kuuliza ametoka zizi gani.

Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Toba yake ilifika kwa watu aliowadhulumu. Usharika unaoomba mkate wa kila siku uanzie hapo: mahari ipangwe kwa kiasi, mnyama asiye na kibali asinunuliwe, na watu wa koo zinazohasimiana waketi pamoja kabla damu haijamwagika. Iritongo ilijua kuwaketisha watu. Kanisa, ambalo linaketi kwenye meza moja ya Bwana, lina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.