Zuhura: Pacha wa Dunia Aliyejificha Mawinguni

Kuna miezi ambayo mtu wa Sigino, pale Babati, akitazama magharibi jua likishazama, huona nyota moja inayowaka kabla ya zote. Miezi mingine huonekana alfajiri, upande wa mashariki. Si nyota. Ni Zuhura, sayari ya mawe kama Dunia, na kwa uzuri wake wazazi wengi wamewapa mabinti zao jina hilo.

Uzuri huo uliwapoteza hata wasomi. Upana wa Zuhura ni kilomita 12,104, wa Dunia 12,756, basi wakaziita pacha. Mawingu yake hayapenyeki kwa macho, kwa hiyo kila mtu akajaza alichotaka. Mwaka 1918 Svante Arrhenius, mkemia wa Sweden aliyekuwa na Tuzo ya Nobeli, aliandika kwamba huko chini kumelowa chapachapa, vinamasi kila upande.

Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu na kuona dalili za joto kali. Desemba 15, 1970, Venera 7 ya Wasovieti ikatua: nyuzijoto kama 475. Hapo risasi inayeyuka. Hewa inakandamiza mara 90 kuliko yetu, na mawingu yale mazuri ni ya asidi ya salfa.

Sura ya nchi yenyewe ilisomwa kwa rada, hasa na chombo cha Magellan, 1990 hadi 1994. Ilionekana milima ya volkano, tambarare za lava, na nyufa ndefu. Ufa mmoja, Devana Chasma, wanajiolojia waliulinganisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, hilihili lenye Babati yetu. Yaani ardhi wasiyoweza kuikanyaga waliielewa kwa kutazama hii tunayolima.

Sasa, pacha hawa waliachana wapi? Kaboni wanayo wote. Kwetu maji yalisaidia kuifungia ndani ya mawe ya chokaa. Kwa Zuhura imebaki angani: asilimia 96 ya hewa yake ni kaboni dayoksaidi, na joto likishanaswa humo halitoki kirahisi. Kwa hiyo kilichotuokoa si ukubwa wala sura. Ni umbali wetu na jua, maji, na kaboni kukaa chini. Nasi kila siku tunaichimba na kuirudisha juu.