Mtoto Hujifunza Kusema kwa Namna Gani?

Mtoto huzaliwa pasipo kujua neno hata moja. Akifika miaka mitatu au minne, anazungumza na nyumba nzima, wala hakuingia shule. Lugha yake ameipata wapi? Ulizo hili liliwasumbua watu tangu zamani.

Herodotus, mwandishi wa Wagiriki, atuambia habari za Psammetichus, mfalme wa Misri. Huyu alitaka kujua taifa gani ni la kwanza duniani. Akampa mchungaji watoto wachanga wawili, wanyweshwe maziwa ya mbuzi, wala mtu asiseme neno mbele yao. Baada ya miaka miwili wakalia: «Bekos!» Kwa Wafrigia maana yake ni mkate. Basi mfalme akasadiki kwamba Wafrigia ndio wa kwanza. Lakini je, watoto hao hawakusikia mlio wa mbuzi kila siku?

Akbar, mfalme wa India, naye aliwaweka watoto katika nyumba yenye walezi wasiosema. Mwaka 1582 alipokwenda kuwatazama, hakusikia neno lolote. Tendo hilo hatulisifu, lakini latufundisha: mtoto asiyesemeshwa hapati maneno.

Mtakatifu Agustino, mzaliwa wa Thagaste katika Afrika, aliandika karibu na mwaka 400 kwamba alijifunza kwa kuwatazama wakubwa: walitaja kitu na kukielekea, naye akashika jina lake. Mwaka 1957 Skinner wa Marekani alisema lugha ni mazoea: mtoto akisema vema hupata anachotaka, kwa hiyo hurudia. Mwaka 1959 Chomsky akampinga: mtoto husema hata yale asiyoyasikia. Na kweli, mtoto wa Ufaransa husema «vous disez», hali wazazi wake husema «vous dites». Hakuiga, ametafuta kanuni mwenyewe.

Tangu mwaka 1977 watoto viziwi wa Nikaragua walikusanywa katika shule huko Managua. Walimu waliwafundisha Kihispania cha midomo, lakini wao kwa wao wakatunga lugha ya mikono, na wadogo waliowafuata wakaikamilisha zaidi. Basi akili ya mtoto iko tayari. Yahitaji wenzake tu.

Wenye elimu wangali wakibishana. Sisi wazazi tusingoje mwisho wa mabishano: tuwasemeshe watoto wetu. Na mtoto kiziwi tusimfiche nyumbani kama mjinga. Tumpeleke mapema kwa wanaosema kwa mikono. Masikio yake yamefungwa, akili yake haikufungwa.